Samaki wapya: usimwage maji ya mfuko kwenye tangi

Zima taa ya tangi la samaki kwanza, kisha uache mfuko aliokuja nao samaki uelee juu ya maji ukiwa bado umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Usiuache kwenye jua, maji machache hupata moto upesi mno.

Ufungue, ukunje mdomo wake usizame, halafu uongeze maji ya tangi nusu kikombe kila baada ya dakika 5 mpaka maji ya mfuko yawe maradufu. Mchote samaki kwa wavu laini, mwingize tangini, na maji ya mfuko yamwage nje. Yana kinyesi, amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) na pengine vimelea.

Ila samaki aliyesafiri kwa saa nyingi ni habari nyingine. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa anayoitoa huyatia maji uasidi, na uasidi huo huipunguza amonia makali. Ukifungua tu, ile hewa hutoka, uasidi hupungua (yaani pH hupanda), na amonia ileile inaanza kuunguza mashavu yake anayopumulia. Huyo usimcheleweshe: joto likishalingana, fungua na umhamishe mara moja.

Usimlishe siku hiyo. Akijificha au rangi ikififia, mwache. Akihema juujuu kwa kasi, pima amonia ya tangi. Ikionekana hata kidogo, badilisha robo ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, yenye joto lilelile.