Unampeleka mzee MRI ya kichwa ukitokea Mtwara au Lindi? Jipange hivi

Kwanza hili, kama mzee mdomo umepinda ghafla au mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea sasa hivi, achana na habari za MRI (kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), mkimbize hospitali ya karibu, iwe Ligula, Sokoine au Ndanda. Mara nyingi wataanza na siti skani (CT scan, picha za kichwa kwa eksirei) maana inaonyesha haraka kama damu imevujia kichwani. Haya mengine ni ya yule anayesahau sahau, au kifafa kimemuanza ukubwani.

Kitu cha kupigania ni fomu ya kipimo. MRI haipigi picha moja, inapiga aina kadhaa na kila moja inatafuta chake: kuna inayokamata kiharusi kipya ndani ya saa za mwanzo, kuna inayotoa makovu meupe ya presha ya miaka mingi, kuna ya vitone vya damu iliyovuja zamani, na kwa anayesahau wanaangalia kama sehemu ya kumbukumbu imesinyaa. Sasa fomu ikiandikwa "kichwa kinauma" basi, msomaji wa picha atajuaje anatafuta nini? Mwambie daktari yote, lilianza lini, upande gani, presha, sukari, alianguka au la, na muombe ayaandike.

Kabla hujakata tiketi ya basi la Dar piga simu unakoenda, Muhimbili au kwingine, uliza mashine inafanya kazi, nafasi ipo lini, na bima inalipa au hailipi.

Hapa kwenye chuma naomba msifanye utani jamani. MRI haina mionzi kama eksirei, inatumia sumaku na maji yaliyomo mwilini, ila sumaku ya Tesla 1.5 (Tesla ni kizio cha kupimia nguvu ya sumaku) ina nguvu kama mara elfu 30 ya ile ya dunia na haizimwi hata chumba kikiwa kitupu. Mwenye betri ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo, au fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni aseme mapema, tena aseme mwenyewe asingoje kuulizwa. Pini za ushungi, heleni, hirizi yenye bati, meno ya kuvua, vyote vitoke, na wanja unawe maana mwingine una madini.

Wakisema watamchoma dawa ya kung'arisha picha, taja kama ana shida ya figo.

Ndani ni kama dakika 20 mpaka 45, kelele za kugonga gonga, atapewa vya kuziba masikio na kimpira cha kubonyeza akizidiwa. Akitikisika picha inaharibika, kwahiyo nyumbani mlaze chali ajizoeze kutulia, na kama ana kikohozi kitibiwe kwanza.

Mkitoka msichukue ripoti ya karatasi peke yake, ombeni na picha zenyewe kwenye sidii, maana mwakani daktari atataka kulinganisha.