Popo unamfukuza, mashona nguo unayabeba mwenyewe

Mapera yakianza kuiva kule Rungwe, Mbeya, simu yangu haitulii: "Bwana shamba, popo wanatumaliza!" Nikifika, mwenye shamba hunionyesha juu ya mkuyu. Mimi naangalia suruali yake. Imejaa mbegu nyeusi za gugu la mashona nguo, kuanzia pindo hadi magotini.

Popo na mwenye shamba wote ni wasambazaji wa mbegu, ila tofauti yao ni kubwa. Popo huyu mkubwa mwenye manyoya ya manjano shingoni, Eidolon helvum, hutafuna tunda, akameza maji yake pamoja na vijimbegu, kisha akatema makapi. Mbegu za mkuyu na mvule huzidondosha na kinyesi, mbali na mti mama. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mashona nguo, mgeni kutoka Amerika, shina moja laweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, na kila mbegu ina miiba miwili au mitatu yenye vindoana vilivyogeukia nyuma. Ndiyo maana ukiivuta inazidi kung'ang'ania.

Kuhusu parachichi, ondoa hofu. Haliivi mtini, huchumwa likiwa gumu, na popo anataka tunda laini. Mapera na mapapai ndiyo ya kuwahi: chuma yanapoanza kubadilika rangi. Lililoumwa lifukie, usikate kipande ukampa mtoto. Popo aliyeanguka usimshike kwa mikono mitupu.

Sasa twende kwenye maharage, maana hasara ya mashona nguo iko huku. Palilia mara ya kwanza wiki 2 hadi 3 baada ya kuota, na mara ya pili kabla maharage hayajatoa maua. Mashona nguo yaliyokwisha kukauka yang'oe taratibu, yatie kwenye kiroba, ukayachome. Ukiyatupa kando ya shamba umeyapanda upya. (Nyuki wanalipenda ua lake, na majani machanga wengine tunayala mboga, sikatai. Lakini yasifike kutoa mbegu.)

Kabla hujaingia shamba jingine, kaa kwenye kisiki uchambue suruali hapo hapo. Turubai la kupuria likung'utwe, na mbuzi wasikatishe kwenye magugu makavu wakielekea kwenye maharage. Mimi huvaa buti za mvua; kwenye mpira laini mbegu haipati pa kushika.