Kiharusi kikimpiga mtu nyumbani, uliza saa kwanza

Mimi ni muuguzi, nakaa Mbagala, na majirani wanajua mlango wa kugonga usiku. Wakija huanza na presha, wengine na nani kamtupia mzee jini. Mimi nauliza: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi?

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, andika saa hiyo kwenye simu. Kama ameamka hivyo, usihesabu alipoamka. Hesabu alipoaga kwenda kulala akiwa anaongea vizuri. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu.

Ubongo hauna akiba. Mshipa ukiziba, seli za katikati ya eneo lile hufa ndani ya dakika chache. Zilizo pembeni hubaki hai kwa damu kidogo inayopenya kwenye vijishipa vya jirani, na hizo ndizo tunazozikimbilia. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika zinakufa seli za neva kama milioni 1.9.

Kiharusi kingine ni cha mshipa kupasuka. Presha ya miaka mingi huchakaza vijishipa vya ndani kabisa, kimoja kikiachia, damu humwagika na kuukandamiza ubongo. Kwa nje vinafanana. CT-skani, kipimo cha kupiga picha ndani ya kichwa, ndiyo inayovitofautisha. Kwa hiyo asipirini iache: mshipa ukiwa umepasuka, inazidisha kuvuja. Wala usimwongezee vidonge vya presha ili ishuke haraka, maana huenda presha hiyo ndiyo inayozisukumia damu zile seli za pembeni.

Maji hapana, hata ya zamzam; anaweza kupaliwa yakaingia mapafuni. Shangazi atakasirika, mwache akasirike. Ule ujumbe wa WhatsApp wa kumtoboa vidole kwa sindano, ufute. Hana fahamu? Mlaze ubavu.

Hali ikirudi sawa baada ya dakika kumi, nendeni vilevile. Gari likikosekana, bajaji. Ni hospitali gani ya karibu yenye CT-skani inayofanya kazi usiku, ulizia leo, si siku hiyo mkiwa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa.

Beba dawa zake zote kwenye mfuko. Na anayepanda naye awe yule aliyemwona mzima mara ya mwisho, hata kama ni dada wa kazi.