Kufunga koleti za valvu mpaka zikae kweli

Koleti ni vile vipande viwili vidogo vinavyobana shina la valvu ndani ya kofia ya springi. Injini ya 5L ya Hiace ina valvu 8, kwa hiyo koleti 16. Ile ya 1NZ ina valvu 16, koleti 32. Moja ikichomoka injini ikiwa inazunguka, valvu inadondokea kwenye silinda na pistoni inaigonga. Hapo mteja hadaiwi gaskiti tena, anatafuta injini.

Tuseme silinda hedi imeshashushwa, valvu zimesagwa na kila kitu kimeoshwa.

1. Safisha meza. Kiangazi hapa Arusha, hasa gereji za Unga Limited, vumbi haliombi ruhusa, na likishika grisi linageuka msasa. Tandika kitambaa cheupe ili koleti ionekane ikidondoka. Ziba matundu ya mafuta ya hedi kwa vitambaa.

2. Osha koleti kwa petroli, kisha ziangalie upande wa ndani. Ukingo ukiwa umelika, tupa zote mbili, usibadilishe moja.

3. Paka shina la valvu mafuta ya injini. Mfereji wa koleti ulio kwenye shina una makali yanayochana sili mpya (kimpira kinachozuia mafuta yasishukie kwenye silinda), kwa hiyo uzungushie seloteipu nyembamba kabla ya kupitisha sili, halafu ibandue.

4. Weka springi na kofia yake. Kama springi ina mizunguko iliyosongamana upande mmoja, upande huo unakaa chini, kwenye hedi.

5. Kaza klampu ya springi, yaani kifaa cha kuibana springi ishuke, taratibu mpaka mfereji uonekane wote. Ishie hapo. Wanaokaza mpaka mwisho wanaiponda sili kwa kofia, halafu gari likitoa moshi wa bluu wanalaumu spea.

6. Hapa ndipo penye kazi. Chovya ncha ya bisibisi nyembamba kwenye grisi, kiasi cha punje ya mchele, na uinasishe koleti kwa mgongo wake. Upande mwembamba uelekee chini. Ipeleke kwenye mfereji wa upande ulio mbali nawe kwanza, maana ukianza na wa karibu utajizibia njia. Paka grisi kidogo kwenye shina pia, ndiyo itakayoishikilia bisibisi ikitoka. Koleti ya pili huwa inagoma: ikiinama, usiisukume kwa nguvu, itoe uanze upya. Sumaku ni nzuri kwa kuokota iliyodondoka, lakini kwa kupachika inakuvutia koleti irudi nayo.

7. Legeza klampu polepole huku ukitazama koleti zote mbili. Vichwa vyake viwe usawa mmoja. Kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake, kaza tena.

8. Usiamini macho peke yake. Vaa miwani, inua hedi juu ya mbao mbili ili valvu zipate nafasi ya kushuka, kisha gonga kichwa cha shina kwa nyundo ya plastiki mara mbili tatu. Koleti iliyokaa vibaya inaruka hapo mezani. Dogo wa gereji akikwambia "imeshika hiyo, bosi", mpe nyundo agonge mwenyewe.

Kwenye koleti za mfereji mmoja, tafuta uwazi mdogo kati ya vipande viwili. Vikigusana, havibani shina, vimechakaa au si vyake. Zile zenye mifereji kadhaa ni tofauti: zimetengenezwa zigusane, ili valvu iweze kuzunguka.

Ukibadilisha sili tu bila kushusha hedi, pandisha pistoni ya silinda hiyo mpaka juu kabisa, weka gia na hendibreki, ndipo upulize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi ili valvu zisidondoke. Usifunge hewa mpaka koleti zote za silinda hiyo ziwe zimerudi mahali pake.