Somo: Kuanza kuuza korosho mtandaoni ukiwa Mtwara

Habari zenu wanakikundi. Wengi mnaoniuliza kuhusu biashara ya mtandaoni mnaanzia kwenye ukurasa: niupe jina gani, nilipie tangazo? Mimi nawaomba tuanzie kwa mteja. Yuko Mwanza, hajawahi kukuona, na unamtaka atume hela kabla hajapata mzigo. Kila hatua hapa chini ni ya kumfanya akuamini. Natumia mfano wa korosho kwa sababu ndiyo tuliyo nayo. Mwenye ufuta naye afuate njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Bidhaa moja tu. Chukua korosho nzima iliyobanguliwa. Ghafi, yaani yenye maganda, usiiguse: inapita kwenye vyama vya ushirika na minada ya stakabadhi ghalani, na kumfuata mkulima pembeni ununue nje ya mfumo huo ndiyo kangomba yenyewe, ni kosa. Nunua kwa kina mama wabanguaji, na uliza daraja. W320 maana yake ratili moja, karibu gramu 454, ina punje zisizozidi 320. W240 ni kubwa zaidi, na bei yake iko juu. Ukiandika W240, iwe W240 kweli.

Hatua ya 2: Kufungasha. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Ukishakaanga, tandaza korosho kwenye sinia mpaka zipoe kabisa. Ukizifunga zikiwa vuguvugu, mvuke unabaki ndani ya mfuko, na zikifika kwa mteja zimeshalainika. Tena sisi tuko pwani, hewa yetu ina unyevu. Usiziache wazi usiku kucha. Weka mfuko mtupu kwenye mizani, rudisha sifuri, ndipo ujaze gramu 250. Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito, tarehe ya kufungasha na simu yako. Vyakula vilivyofungashwa vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, kwa hiyo nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, mapema wakuelekeze.

Hatua ya 3: Bei. Tuseme kilo umeipata kwa 24,000. Pakiti ya gramu 250 tayari ina korosho ya 6,000. Mfuko na lebo 500, mkaa na chumvi 300, bando 200. Umefika 7,000 na bado hujajilipa. Ukiuza 7,500 kwa sababu jirani anauza hivyo, utachoka kabla msimu haujaisha. Nauli ya mzigo mtajie mteja kando ya bei ya korosho, usiifiche ndani yake.

Hatua ya 4: Picha na WhatsApp Business. Piga asubuhi karibu na dirisha, korosho zikiwa kiganjani ili ukubwa uonekane. Picha za kuokota mtandaoni ziache kabisa. Weka bei kwenye katalogi. Mtu akiuliza bei akaambiwa "njoo inboksi", wengi wanapita.

Hatua ya 5: Kutuma. Andika jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu nzito, pande mbili za boksi. Ukishakabidhi ofisi ya basi, mtumie mteja picha ya risiti, jina la basi na namba ya ofisi ya kupokelea. Usingoje akuulize.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo dada. Niko Newala, sina TIN wala leseni. Nisubiri?*

Marahaba mdogo wangu. TIN, namba ya mlipakodi, inatolewa na TRA bila malipo, anza nayo wiki hii. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao; leseni ni halmashauri. Wakati unafuatilia hayo, jifunze kukaanga na kupima, maana hiyo nayo inataka muda.

*Dada, mteja amenitumia ujumbe wa muamala lakini anaharakisha mno nitoe mzigo.*

Usiutoe. Ujumbe unaweza kughushiwa, ukafanana kabisa na wa kweli. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu ya simu. Ukiona hela imeingia, tuma. Mteja mwema atasubiri dakika hizo mbili.

*Wakati wa masika tunaahidi siku ngapi kufika Dar?*

Kaka, usiahidi siku. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika upande wa Somanga, mkoani Lindi, na magari yakakwama. Mwambie mteja mapema kwamba mvua ikizidi basi linaweza kuchelewa, na ukipata taarifa mpigie wewe kwanza.

*Mteja wangu wa kwanza kasema nusu ya pakiti zimevunjika. Nimrudishie hela?*

Muombe picha, umpe pole. Kisha mchague pamoja: pakiti nyingine au hela yake. Safari ijayo jaza magazeti kwenye nafasi zilizobaki ndani ya boksi, na usipange zaidi ya safu tatu. Vipande ulivyobaki navyo nyumbani visiingie kwenye pakiti za nzima; vifungie peke yake, uviuze kwa bei yake, wapika keki wanavitafuta.