Somo: Kuutafuta wimbo wa jadi kwenye hifadhidata pale unapoambiwa "hakuna"

Wengi mmeniletea lalamiko moja: "Nimeandika mstari mzima wa wimbo wa bibi, nikajibiwa hakuna." Mara nyingi wimbo upo. Sisi tunautafuta kama tulivyousikia nyumbani, na aliyeuandika aliuandika kama ulivyoimbwa mji mwingine. Mashine haijui kwamba ni wimbo uleule.

Mama mkubwa wangu, Pangani, alikuwa na wimbo wa kutwanga. Nilikumbuka maneno mawili tu, "mchele" na "mwanangu". Siku tatu nilitafuta, patupu. Siku ya nne nikaandika "mtele", kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ukatokea na kiitikio na beti nne, kutoka kwa mwimbaji wa Mombasa. Nililia. Mama mkubwa alishafariki, na beti mbili kati ya hizo sikuwahi kuzisikia.

Hatua ya 1. Anza na karatasi. Andika kila unachokumbuka, hata neno moja: kiitikio, jina la chombo, la samaki, la mahali. Andika pia wimbo uliimbiwa wapi, kwenye vugo, msondo, lelemama, kinuni au kitandani kwa mtoto. Jina la wimbo liache. Nyimbo hizi hazikupewa majina na wenyewe. Mkusanyaji mmoja alichukua mshororo wa kwanza, mwingine kiitikio.

Hatua ya 2. Tafuta maneno mawili, si mstari. Mstari mzima ukikosea silabi moja umeukosa wote. Chagua maneno yasiyo ya kila siku. "Mapenzi" na "moyo" vimo katika nusu ya nyimbo za pwani. "Jarife", yaani wavu wa kuvulia, au "udi" havimo kwingi.

Hatua ya 3. Badilisha lahaja. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, lakini waimbaji wa Mombasa na Lamu hawakuacha kuimba kwa chao. Kila neno lenye "ch" lijaribu kwa "t": macho ni mato, nchi ni nti, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Lenye "j" lijaribu kwa "y", au uiondoe kabisa: kuja ni kuya, jana ni yana, maji ni mai, mji ni mui. Njia, itafute kwa "ndia". Vyombo na vitu, kwa "zombo" na "zitu". Nyimbo za kale za kaskazini zina pia kitenzi ambacho sasa hatukisemi: aliyelala ataitwa "ulele", na ukiandika "amelala" hutampata kamwe.

Mimi huandika kila neno kwa sura zake zote kwenye karatasi ileile, kisha nazijaribu moja moja. Inachukua muda, lakini ndiyo njia iliyonipa nyimbo nyingi kuliko zote.

Hatua ya 4. Kumbuka viambishi. Ukiandika "lia", hifadhi nyingi zitatafuta neno "lia" peke yake na kuliruka "analia". Alama ya nyota mwishoni mwa neno mara nyingi inakubaliwa, mwanzoni mara nyingi inakataliwa, na sisi mabadiliko yetu mengi yako mwanzoni. Basi andika maumbo yenyewe: nalia, analia, akilia, walilia. Katika nyimbo, "nalia" huja mara nyingi kuliko "ninalia", kwa sababu mwimbaji hubana silabi zikae kwenye mahadhi.

Hatua ya 5. Jua mashine inaruka nini. Hifadhidata nyingi zinaendeshwa na MySQL, programu ya kutunza na kutafuta data. Mpangilio wake wa zamani, MyISAM, ukiachwa kama ulivyokuja, huruka kila neno lenye herufi chini ya 4. Kwa hiyo mto, jua, bao na pwa hazitafutwi, wala huambiwi. Tena una orodha ya maneno ya Kiingereza ya kupuuzwa, na ndani yake yamo "same" na "some". Wimbo unaoutaja mji wa Same hutaupata kwa jina la mji huo. Dawa ni kuchagua neno refu zaidi, au kutafuta kupitia Google: andika neno lako, kisha site: na anwani ya hifadhi, bila nafasi baada ya nukta mbili.

Na ritifaa, ile alama iliyo ndani ya ng'ombe! Simu yako huandika ng'ombe kwa ritifaa iliyopinda, hifadhi imeiweka iliyonyooka, basi zinapishana. Andika "ombe" tu ikiwa hifadhi inatafuta vipande vya maneno. La sivyo jaribu ritifaa zote mbili, kisha "ngombe".

Hatua ya 6. Tahajia za zamani. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inaiita lugha yetu "Suahili". Kitabu cha Velten cha 1903 kinaitwa *Desturi za Wasuaheli*, na jina lake refu lina "khabari" yenye kh. Ukitafuta katika katalogi, jaribu Swahili, Suahili na Suaheli, kisha habari na khabari, heri na kheri.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga. Nimepata matokeo mengi mno, nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Ongeza neno la kifaa au kazi: mchi, kinu, jarife, nanga. Yakibaki mengi, chuja kwa mahali wimbo ulipochukuliwa, si kwa jina la mwimbaji. Majina ya waimbaji yameandikwa kwa namna nyingi, au hayakuandikwa.

*Mimi ni mjukuu wa Mzanzibari, nakaa Muscat. Nyimbo za bibi zina Kiarabu kingi. Niandike vipi?*

Dada yangu, jaribu kila neno kwa sauti mbili: dhahabu na zahabu, ghali na gali, kheri na heri. Ukiingia kwenye miswada ya herufi za Kiarabu, kama iliyoko chuo cha SOAS, London, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jua kwamba waandishi wengi wa zamani hawakuandika "m" au "n" iliyo mbele ya konsonanti. Simba huonekana "siba". Mara nyingi aliyenakili kwa herufi za Kirumi amekwisha kurudisha herufi hiyo, lakini si kila mahali.

*Huku Lubumbashi tunaimba "batoto", si "watoto". Tutapata kitu kweli?*

Mtapata, ndugu, mkitafuta kwa Kiswahili chenu. Andika batoto, mutoto, mutu. Jaribu pia "tsh" mahali pa "ch", maana wengi walioandika huko walifuata tahajia ya Kifaransa. Jina la Tshombe, kiongozi wa zamani wa Katanga, ni mfano unaoujua.

*Nimepata wimbo mmoja mara mbili, maneno tofauti. Upi sahihi?*

Zote mbili. Tafadhali usiusahihishe mmoja kwa kutumia mwingine. Nakili kila mmoja kama ulivyo, pamoja na mahali na mwaka uliorekodiwa. Tofauti hizo ndizo zitakazomwonyesha mtu mwingine wimbo ulipita bandari gani.

*Nimemaliza hatua zote, hakuna. Ni wimbo wa unyago wa shangazi yangu. Niuandike mwenyewe niupandishe?*

Huo huenda haumo kwa sababu wenyewe hawakutaka uwemo. Nyimbo za unyago hufundishwa ndani, kwa waliokwisha kuingia. Nenda kwa shangazi, kaa naye, urekodi sauti yake kama anakubali, kisha umuulize waziwazi: hii nibaki nayo, niwape binti zetu, au niitoe kwa watu wote? Jibu lake liandike juu ya ukurasa, kabla ya ubeti wa kwanza.