Paka wa Kisukari Asiyeitikia Insulini: Kagua Kichupa Kabla ya Kuongeza Dozi

Katika kaya nyingi za Kongwa, Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, paka hufugwa ili alinde mahindi, mtama na alizeti dhidi ya panya, na ndiyo maana kisukari chake huchelewa kutambuliwa. Mwenye nyumba huona tu kwamba paka anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana, anakonda ilhali anakula vizuri, na pengine anatembea akikanyagia visigino vya miguu ya nyuma. Ushauri huu unamhusu mfugaji ambaye paka wake amekwisha kuanzishiwa insulini na daktari wa mifugo, lakini sukari imegoma kushuka.

Ukinzani wa insulini ni hali ambayo homoni hiyo ipo mwilini lakini mwili hauitikii ipasavyo. Kwa kawaida daktari huanza na uniti 1 hivi kwa sindano, mara mbili kwa siku, kisha huongeza polepole. Ukinzani hushukiwa pale dozi inapozidi uniti 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa sindano moja na sukari ikabaki juu. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ni zaidi ya uniti 6. Paka anayepata uniti 2 na bado hajatulia hajafika huko, na kumwita sugu ni kumsingizia.

Hata dozi ikiwa kubwa, uchunguzi uanzie nyumbani. Insulini ni protini, na joto huiharibu bila kichupa kuonyesha dalili yoyote kwa macho. Ihifadhiwe kwenye friji, kati ya nyuzi joto 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu iliyoganda hata mara moja haifai tena. Kichupa kilichosafirishwa kwa basi mchana wa Oktoba, kikiwa juu ya dashibodi au ndani ya begi lililoanikwa juani, kitiliwe shaka tangu siku ya kwanza. Umeme ukikatika mara kwa mara, au friji ikikosekana, kichupa kinachotumika kinaweza kuwekwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, katika chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga mbichi ndani ya chungu kikubwa, kivulini. Hewa yetu kavu hukausha maji haraka na hivyo kupoza chungu vizuri kuliko ingekuwa Pwani. Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye kichupa, na kikipita muda uliowekwa na mtengenezaji kitupwe, hata kama kimebaki nusu. Najua bei yake inauma, lakini insulini iliyokufa ni ghali zaidi.

Kosa la pili liko kwenye bomba la sindano. Insulini ya binadamu inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kawaida ni U-100, yaani uniti 100 kwa mililita, ilhali baadhi ya insulini za wanyama ni U-40. Ukivuta insulini ya U-40 kwa bomba la U-100 hadi alama ya 5, paka anapata uniti 2 tu, na utaapa kwamba hasikii dawa. Kinyume chake ni hatari zaidi: insulini ya U-100 kwenye bomba la U-40 humpa mara mbili na nusu ya dozi iliyokusudiwa. Mwombe daktari akuangalie ukichoma, maana sindano inayopenya mkunjo wa ngozi na kutokea upande wa pili humwagia manyoya dawa yote.

Baada ya hapo, tazama sahani. Mwili wa paka umeumbwa kuishi kwa nyama, na ugali uliolowekwa mchuzi, wali au maziwa yenye sukari humrudisha nyuma kila siku. Apewe dagaa wasio na chumvi waliooshwa mchanga, mayai yaliyopikwa, nyama na maini kidogo, au chakula cha paka chenye wanga mdogo kikipatikana. Kwa kuwa mafuta ya mwili yenyewe huleta ukinzani, paka mnene apunguzwe uzito, lakini taratibu: wa kilo 6 apungue gramu 120 hadi 240 kwa mwezi. Asishindishwe njaa kamwe, kwani paka mnene asiyekula kwa siku chache anaweza kujaa mafuta kwenye ini na kufa. Daktari aarifiwe kabla ya kubadili chakula, kwa sababu wanga ukipungua, mahitaji ya insulini nayo hupungua.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo ugonjwa mwingine utafutwe. Meno yaliyooza, maambukizi ya njia ya mkojo na kuvimba kwa kongosho huifanya insulini isifanye kazi vizuri. Mweleze daktari pia dawa zote alizopewa: deksamethazoni na prednisoloni, zinazotumika sana kwa muwasho, hupandisha sukari, na vivyo hivyo sindano za homoni za kuzuia paka jike asiingie kwenye joto. Usizikatize mwenyewe, baadhi hupunguzwa hatua kwa hatua. Paka dume anayenenepa ilhali kisukari hakijadhibitiwa, uso ukipanuka na nyayo zikikua, huenda ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji. Huyo anastahili safari ya hospitali kubwa ya wanyama, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilomita zipatazo 260 kutoka Dodoma mjini.

Chanzo kikiondolewa, ile dozi kubwa ya jana inaweza kuwa sumu leo. Pima sukari kwa tone la damu la ukingo wa sikio, na ikishuka chini ya milimoli 3.3 kwa lita, au paka akiyumba, akilegea au kutetemeka, mpake asali kwenye fizi, mpe chakula mara tu anapoweza kumeza, na usimchome sindano inayofuata kabla ya kuzungumza na daktari.